Herufi Zenye Kwato

Herufi zinazoitwa Galbet sikuzichora mimi. Nimekaa na sentensi hiyo zaidi ya miaka ishirini nikidhani ni ndefu mno kusemeka, na sasa nikiiandika naona haijafika hata mwisho wa mstari. Nimeikana mbele ya walimu wangu wa chuo, mbele ya wahariri, mbele ya mume wangu aliyeniuliza kwa wema tu, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa vijana wabunifu. Hao walinipigia makofi nilipowaeleza kwamba zile ncha ndogo kwenye miisho ya herufi zangu zilitokana na miiba ya migunga niliyokuwa nikiitazama jua likizama. Sikuwahi kutazama mgunga wowote jua likizama. Saa hizo nilikuwa ndani ya duka, nimepiga magoti mbele ya mashine ya fotokopi, nikiichomoa karatasi iliyokwama kwenye meno yake.

Huenda umezisoma bila kujua jina lake. Ni herufi za adabu, nyembamba pale mkono unapopanda na nene pale unaposhuka, na kila mstari unaishia kwa kipande kidogo cha kukanyagia, kama mtu aliyevaa viatu kabla ya kutoka nje. Zimeandika kadi nyingi za harusi, vyeti vya madrasa, menyu ya mkahawa mmoja wa Nairobi ambako kahawa huletwa na maelezo mengi kuliko sukari, na majalada ya ripoti ambazo hakuna aliyezifungua. Wataalamu wana jina lao kwa vile vipande vya mwisho. Aliyezichora aliviita kwato. Alisema herufi isiyo na kwato itateleza ukutani.

Nakiri sasa kwa sababu mambo mawili yalinifikia siku moja. Asubuhi mchapishaji wa vitabu vya shule aliniandikia kwamba wangependa kuitumia Galbet katika vitabu vya watoto wanaoanza kusoma, vya Kiswahili na vya Kisomali, na kwamba katika kurasa za mwanzo kutakuwa na mstari wa kusema herufi zimechorwa na nani. Akaniomba nithibitishe jina langu linavyoandikwa. Mchana Fardosa, binti wa Mama Sahara aliyekuwa mwenye duka lile, akanipigia kuniambia mama yake amefariki na tayari amezikwa. Nikakaa na simu mkononi, kwenye kompyuta barua ikingoja jibu la maneno mawili, na mkono wangu, ambao kwa kawaida haunisumbui kwa maadili, ukakataa kuandika.

Nilifikaje Garissa nikiwa na miaka kumi na tisa si habari inayohitaji karatasi. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja chuo, na nilijua kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, jambo nililolitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Duka la Mama Sahara lilikuwa chumba kimoja mtaani Galbet, kimegawanywa na pazia la maua. Mbele ya pazia palikuwa na kompyuta, mashine ya fotokopi iliyochoka, na feni iliyozungusha joto lilelile kutoka kona hii kwenda ile. Nyuma ya pazia palikuwa na mikeka, jiko la mkaa, birika la chai yenye iliki, na wanawake. Wateja halisi wa duka walikaa nyuma. Walikuja kuchagua kadi za harusi, wakaanza na mikate ya anjera na chai, wakaendelea na habari za kila nyumba, na mchana wakila wali na nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa, walikuwa bado hawajachagua. Mimi niliyaandika majina ya maharusi nikisikiliza sababu za ndoa hizo, zilizokuwa tamu kuliko kadi. Mama Sahara, aliyefanya biashara Mombasa kwa muda mrefu na kurudi na Kiswahili cha huko, alikuwa akipaza sauti kila baada ya muda: "Binti, wewe andika! Masikio yako yapumzishe."

Siku iliyoanzisha yote, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Liboi aliingia na kifurushi cha kadi tulizokuwa tumemchapia. Alikuwa na jamaa pande zote mbili za mpaka wa Somalia, kwa hiyo alitaka jina la bintiye liandikwe Kisomali sawasawa, Xaliimo, si Halima kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nilikuwa nimeliandika vizuri kabisa, kwa ile fonti nyembamba isiyo na pambo iliyokuja na kompyuta. Akaweka kadi moja mezani mbele yangu, akaigonga kwa ukucha wenye hina.

"Mwalimu wenu ni nani hapa?"

"Mwalimu gani, abaayo?" Mama Sahara akauliza, akimwita dada kwa Kisomali na kutokeza kichwa kwenye pazia.

"Huyu aliyemkosoa binti yangu. Tazama! Msichana ana kosa mbele ya jina. Kosa kubwa! Na bwana harusi hana hata moja, yeye amepata mia kwa mia."

Nyuma ya pazia mtu alicheka hadi akakohoa chai. Mama Sahara akasema ni herufi tu. "Najua ni herufi, nimesoma," yule mama akajibu. "Lakini wageni watacheka kwanza ndiyo wasome." Nikaitazama ile X kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya vidole kumi. Alikuwa na haki. Katika Kisomali X ni sauti ya kawaida inayotoka kooni, na majina mengi ya watu huanza nayo. Lakini aliyeichora X ya fonti ile, popote alipokuwa, hakuwa na shangazi ambaye jina lake linaanza na X. Aliichora harakaharaka, vijiti viwili vimepishana, kama kalamu nyekundu ya mwalimu.

Mama Sahara akatuma aitwe Bishar, aliyekuwa akichora kibao cha bucha mlango wa tatu. Bishar alikuwa mchoraji wa vibao, ana miaka kama thelathini na mitano, umri ambao kwangu wakati ule ulikuwa uzee, kwa hiyo nilimwita adeer kama wanavyomwita mtu wa rika la baba mdogo. Aliingia na kikoi chenye rangi zote za maduka ya Garissa. Akaishika kadi kwa pembe.

"Hii X haina miguu," akasema. "Ni vijiti mbili imeanguka."

Akachana kipande cha boksi, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaiweka, akakandamiza, akavuta, akakandamiza tena. Mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba ukipita juu yake, na miisho yote minne ikatanuka kidogo, ikakanyaga. Yule mama wa Liboi aliutazama kwa muda.

"Sasa huyu ni mtu," akasema. "Huyu anaweza kuolewa."

Tangu siku ile kadi zetu zikabadilika, na utaratibu wetu wa kazi ukawa wa ajabu ambao sijauona mahali pengine. Bishar aliandika majina kwa brashi kwenye karatasi kubwa ya manila. Mimi niliipunguza kwa fotokopi, nikaipunguza nakala yake, kisha nakala ya nakala, hadi Xaliimo aliyekuwa na urefu wa mkono akatosha kwenye kadi. Mashine ile ilikuwa mbovu, ilikula kila mstari mwembamba ilioukuta. Herufi za kawaida zikipita mle mara tatu zilitoka zimekatika kama wali. Za Bishar zilitoka hai, kwa sababu hata mashine ikila kiuno cha herufi, kwato zilibaki, na jicho lilijua wapi mstari ulianza na wapi uliishia. Baadaye chuoni nilifundishwa jambo hilohilo kwa muhula mzima, kwa picha za mawe ya kale, na nikajifanya nalisikia mara ya kwanza.

Tatizo lilikuwa kwamba Bishar alisafiri. Akiitwa kuchora maduka ya Liboi alikaa wiki mbili, na maharusi hawangoji. Ndipo mwezi wa Ramadhani, joto lilipomzuia kusimama nje kwenye ngazi, Mama Sahara akamwambia atuchoree alfabeti yote, kubwa na ndogo, kwenye ukuta wa ndani, ili mimi nifuatishe herufi moja moja na kuunga majina mwenyewe asipokuwepo. Ilimchukua karibu mwezi mzima. Kila alasiri alichora herufi mbili au tatu, na alikuwa haongei kabisa akiwa ameshika brashi, akifunga kwa swaumu na kwa ulimi. Q aliipa mkia wa kujivunia. A ndogo aliichora mara mbili zikiwa bega kwa bega, kwa sababu Kisomali huziweka hivyo kila mara, na alitaka kujua zinavyokaa zikiwa jirani. R ilipofika mahali pake, bomba la waya za umeme lilikuwa linashuka hapohapo, basi akaukata mguu wake mfupi, akasonga mbele. Kuhusu mguu huo mfupi nimewahi kutoa mhadhara. Niliuita ujasiri wa kujizuia.

Jioni moja ya mwezi ule, baada ya futari, tukiwa tumebaki na sambusa baridi na maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema hakujifunza herufi, alijifunza chuma. Alikulia kwenye ngamia upande wa Kutulo, na nyumbani kwao yeye ndiye aliyeshika chuma cha moto wakati wa kuwatia ngamia alama.

"Chuma ikigusa ngozi, mkono inaogopa kidogo," akasema, akinionyesha kwa kidole hewani. "Hapo inaungua sana. Halafu unavuta, hapo ni nyembamba. Mwisho unaogopa tena, unataka kutoa. Inaungua sana tena. Kwa hivyo alama iko na kwato huku na huku. Brashi ni hivyo hivyo. Bila moshi tu."

"Na ukikosea, adeer?"

"Ukikosea, ngamia anaishi na kosa yako mpaka anazeeka, na kila mtu kwa kisima anajua ni mkono ya nani."

Nikauliza swali la mtu wa vidole kumi: alama yenyewe ni ya nini hasa, kama kila mfugaji anawajua ngamia wake? Mama Sahara, aliyekuwa akikusanya vikombe, alicheka kabla yake.

"Ni ya mwizi," Bishar akasema.

"Ya mwizi?"

"Mwenyewe hahitaji. Anamjua ngamia yake kwa kutembea, kwa sauti, hata gizani. Alama inawekwa ili mwizi asome."

Nilicheka na wao. Nilikuwa nimeshiba, nilikuwa kijana, na sikujua ninaambiwa mimi. Nadhani hata yeye hakujua. Lakini nimeyasikia maneno hayo katika kila ukumbi niliosimama, mara nyingi wakati wa makofi, na ninaweza kusema kwa uhakika kwamba hakuna aliyeisoma alama ya Bishar kwa makini kuliko nilivyoisoma mimi.

Kwa maana kuisoma ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilibandika karatasi nyembamba ukutani na kufuatisha herufi zote kwa penseli, nikaziweka kwenye faili la bluu, na kwa miezi iliyobaki nilizitumia kila siku. Barua ya chuo ilipokuja nilifungasha kwa haraka. Mama Sahara alinipa kanga na ubani, Bishar hakuwepo, alikuwa Liboi, na faili la bluu likaingia kwenye sanduku pamoja na vitu vyangu. Sitasema niliiba. Sitasema pia nililisahau mle. Nilipolifungua bwenini nilisema nitalirudisha likizo. Likizo ilipokuja nilikwenda kwetu. Mwaka wa mwisho tukaagizwa kila mmoja abuni fonti, na mimi nilikuwa na ukuta mzima ndani ya faili.

Ili nisijionee zaidi ya ninavyostahili, nitasema pia nilichofanya. Ukuta haukuwa na nukta wala mkato. Haukuwa na tarakimu, mabano, wala alama ya kuuliza. Hayo yote niliyachora mimi, nikijaribu kufikiri mkono ule ungeyachoraje, na kupima nafasi kati ya kila herufi na jirani yake kulinipotezea macho na mchumba mmoja. Miaka ile ya kazi ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyofanya uongo uwe rahisi. Mwalimu aliponiuliza umbo limetoka wapi, nilifungua mdomo kusema "kwa Bishar", nikaona jinsi jina hilo litakavyoigeuza kazi yangu kuwa kazi ya karani. Miiba ya migunga ikatoka yenyewe. Waliipenda. Watu ambao hawajafika Garissa wanapenda sana miiba yake.

Nilikwenda kwenye tanzia. Fardosa alinikalisha mkekani kati ya wanawake ambao baadhi yao niliwahi kuandika majina yao ya uharusi, wakanipa tende na chai, wakaniambia nimenenepa, Alhamdulillahi. Mmoja alisema Mama Sahara aliniita "binti yangu wa herufi" hadi mwisho. Nikainamia kikombe. Baadaye nikaomba kuliona duka. Sasa wanauza simu pale. Ukuta wa ndani umepakwa rangi ya kijani inayong'aa, na juu yake kuna picha ya familia inayotabasamu kwa sababu ya vifurushi vya intaneti. Nilipitisha kiganja nikitafuta hata mgongo wa rangi ya zamani. Laini kabisa.

"Ulipakwa lini?" nikamuuliza Fardosa.

"Zamani. Mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka, nafikiri. Mama alilia siku ile, na hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya ukuta." Akaniangalia. "Alisema hakuna shida, binti anazo kwenye karatasi."

Nikamuuliza kama Bishar aliwahi kusema lolote. Fardosa akachukua simu yangu, akaandika namba yake, akanirudishia. "Amerudi Kutulo kwa ngamia wake. Mtandao unashika akienda kwenye kilima. Muulize mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nikaibeba namba ile siku tatu. Mchapishaji akaandika tena, kwa upole, akisema mitambo inangoja ukurasa mmoja tu. Siku ya nne asubuhi nikapiga. Ililia sana, kisha upepo ukapokea, kisha yeye.

Tukasalimiana kama inavyopasa, yaani kwa muda. Amani? Amani. Watoto? Wazima. Mvua? Ilinyesha kidogo. Mume? Yupo. Ngamia? Wapo. Tukamwombea Mama Sahara, akasema maneno yake ya dua na mimi nikaitikia. Kisha salamu zikaisha, na nikajua zamu ni yangu.

"Adeer Bishar, kuna jambo nilitaka kukwambia. Zile herufi za ukutani. Niliondoka nazo. Nimezitumia miaka yote hii, na nimesema ni zangu."

"Hiyo kitu nilijua zamani," akasema.

"Ulijuaje?"

"Binti yangu aliolewa. Kadi ilitoka Nairobi, kwa kompyuta. Nikafungua, nikaona mkono yangu. Jina ya binti yangu kwa mkono yangu, na mimi sijaandika. Wageni wakasema, kadi mzuri, nani amechora? Nikasema kuna msichana tulifanya kazi naye."

Upande wake kengele ya mbao ya ngamia iligonga mara mbili.

"Kwa nini hukudai, adeer?"

"Ningesema nini, abaayo? Mtu akisema ngamia ni wake, anaonyesha alama. Alama yangu ilikuwa kwa ukuta, na ukuta imepakwa rangi. Aliyekuwa anajua ni mimi na mama Sahara na wewe. Mimi nikisema, ni mzee anataka sifa. Mama Sahara alisema ngoja, atasema mwenyewe. Alingoja sana, yule mama."

"Nimekosa," nikasema.

"Umekosa," akakubali, bila kuharakisha kunitoa hapo. "Sasa uko na kalamu?"

Nilikuwa na kompyuta mbele yangu, barua ya mchapishaji imefunguka. Nikamwambia ninayo. Akanitajia majina yake matatu, la kwake, la baba yake, la babu yake, moja moja, akisubiri baada ya kila moja kama anayesubiri rangi ikauke. Akaniamuru nimsomee. Nikasoma. Akasema la babu nimelisoma haraka, nirudie. Nikarudia.

"Na herufi ambazo haikuwa kwa ukuta?" akauliza. "Ile namba, ile nukta? Binti yangu ananionyesha kwa simu, naona mkono ingine pale. Ni nani?"

"Ni mimi, adeer."

"Ni mzuri. Nane ni mnene kidogo." Upepo ukapita kwenye simu. "Basi, jina yako pia weka. Lakini chini yangu."

"Chini," nikasema, na kuandika.

"Chini, lakini si mbali. Watu wasifikirie hatujuani."